Moto wa Dawa

Saa nne usiku niliandika kwa wino wa buluu:
septrini, vidonge viwili, amemeza.
Sahihi yangu ile pale, mkia umepinda kama kawaida.
Onduso alikuwa amesema, macho mekundu,
"Sista, nawashwa mgongoni."
Nikamjibu, "Ni blanketi zetu hizi, baba,
zikifuliwa hubaki na sabuni."
Nikasukuma kitoroli hadi kitanda cha kumi na tano.

Alfajiri midomo yake ilikuwa imebambuka
kama rangi ya zamani kwenye geti.
Nilipomshika bega nimgeuze
ngozi ilibaki kwenye glavu.

Sikupiga kelele.
Nilirudi kwenye faili, nikausoma mwandiko wangu,
nikatafuta kalamu nyekundu.
SIMAMISHA.
Kisha juu ya jalada, kwa herufi kubwa,
kwamba mtu huyu na dawa hii wasikutane tena.
Penye neno "mzio" palikuwa pameandikwa "hakuna",
na maana yake ilikuwa
hakuna aliyeuliza.

Kwamboka, mkewe, alileta mfuko wa nailoni.
Tukamwaga vyote mezani: za presha,
mizizi ya kuchemsha, na kipande cha gazeti
kilichofunga vidonge vitatu vyeupe
kutoka duka moja la Kariobangi.
"Alianza lini?"
"Jumatatu ile ya mvua."
Tukahesabu kwa vidole, vikatuishia.
Siku kumi na moja.

Dawa ya moto ni moto, hayo tumesikia.
Moto wa dawa je?
Ni maji ya chumvi machoni kila baada ya saa mbili,
na ncha ya pamba chini ya kope
zisije zikashikana kama kurasa zilizolowa.
Ni shashi yenye mafuta, kamwe si plasta.
Ni kupima maji yanayoingia,
kupima yanayotoka,
na kumnyima baridi ya Julai nafasi dirishani.
Ni uji kwa mrija, kijiko kwa kijiko cha subira,
na mofini kwanza, kabla ya kubadilisha shashi,
si baada.

Shuka ilimuuma. Uzito wa shuka tu.
Wodi haikuwa na fremu ya kuiinua;
ile ya mwisho ilikwenda kutengenezwa mwaka juzi
na haijarudi.
Jumamosi vijana wawili wakaja kutoka Kamukunji,
mikono yao ina makovu ya cheche,
wamebeba upinde wa mabomba, umechomelewa vizuri,
umepakwa kijani. Ulinuka rangi.
Tukauacha barazani hadi Jumatatu.
Walimtazama kutoka mlangoni, kofia mkononi.
Mmoja akaenda kusimama nje.

"Moto naujua, sista," Onduso alisema,
maneno yakipita taratibu kando ya vidonda.
"Miaka ishirini nachomelea masanduku.
Huu hauna moshi."

Nilijaza fomu ya njano.
Jina la dawa. Tarehe ya kuanza. Tarehe ya kusimamisha.
Dalili ya kwanza: kuwashwa.
Nani aliyeitambua?
Hapo kalamu ilikaa muda mrefu.
Nikaandika: mgonjwa.

Siku hizi mtu akisema nawashwa
nafunga breki za kitoroli.

Usiku wa tisa nilimwambia.
Wodi imelala, anayekohoa ni mmoja tu, kule mwisho.
"Uliniambia unawashwa. Nilikupa hata hivyo."
Alinyamaza. Jicho moja lilikuwa limeanza kufunguka vizuri,
akalielekeza kwangu.
"Uliandika?"
"Niliandika."
"Yote?"
"Yote. Hata blanketi."
Nje ambulensi ikaingia bila king'ora.
Akameza mate, nikaona jinsi yalivyomgharimu.
"Basi nigeuze. Upande huu umechoka."

Nikamwita Mutheu ashike upande wa pili wa shuka.
Moja.
Mbili.